Jinsi ya Kuingiza Hitaji la Mtaa Wenu Kwenye Bajeti ya Halmashauri: Viwanja vya Bei Nafuu, Barabara na Maboma

Kila msimu wa bajeti maswali ni yaleyale, yatoke Mbeya, Iringa, Njombe au Vwawa. Tumeomba barabara mwaka hadi mwaka, mbona haiji? Halmashauri inaweza kutujengea nyumba za bei nafuu? Mwenyekiti mpya aanzie wapi? Mwongozo huu ni wako wewe uliyechaguliwa kuongoza mtaa au kijiji Novemba 2024, pamoja na wajumbe wako na mwananchi yeyote anayetaka ombi la kwao lifike mahali linapoamuliwa.

Maombi mengi ya mitaa hayakataliwi na mtu. Yanafika hayana eneo, hayana hesabu, au yamechelewa, na mchumi wa halmashauri hana pa kuyaweka. Hayo matatu yako mikononi mwenu, na ndiyo tutakayoshughulika nayo.

Kuhusu nyumba, elewa jambo moja kabla hujaandika chochote. Kwa kawaida halmashauri haiwajengei wananchi nyumba. Inachoweza ni kushusha gharama ya vitu vinavyoitangulia nyumba: kiwanja kilichopimwa, njia ya kufikia na maji. Mwananchi wa kipato cha chini hujenga kidogo kidogo, vyumba viwili mwaka huu, bati mwakani. Akianza kwenye kiwanja halali chenye barabara, kila tofali analoweka linabaki kuwa mali yake. Akianzia kwenye korongo au kwenye hifadhi ya barabara, siku moja nyumba itawekwa alama ya X ya kubomolewa. Kwa hiyo ombi lenu lisisomeke "tunaomba nyumba za gharama nafuu". Lisomeke "tunaomba ekari 10 zipangwe na kupimwa viwanja 65".

Vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Daftari la wakazi la mtaa lililohuishwa: kaya, idadi ya watu, wapangaji na wenye nyumba, watoto wa umri wa shule, watu wenye ulemavu.
- Ramani ya mtaa, hata ya kuchora kwa mkono, inayoonyesha njia, mabomba, mito, makorongo na maeneo ya umma.
- Simu yenye GPS na futi kamba ya mita 50.
- Daftari la mihutasari, karatasi za mahudhurio na muhuri wa mtendaji.
- Faili moja gumu. Nakala ya kila barua inayotoka ofisini ibaki humo, ikiwa na mhuri wa "imepokelewa" na tarehe.
- Namba za simu za watu hawa: mtendaji wa kata, diwani, afisa maendeleo ya jamii wa kata, afisa mipangomiji, mhandisi wa halmashauri na ofisi ya wilaya ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini.

Kitu kingine ni kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30, lakini mlango wa kuingiza maombi unafungwa mapema zaidi. Mitaa na vijiji hukusanya vipaumbele Septemba na Oktoba, kata huvijadili kufikia Novemba, wataalamu wa halmashauri huchambua Desemba na Januari, na baraza la madiwani hupitisha bajeti Januari au Februari. Baada ya hapo inakwenda mkoani, kisha wizarani, halafu bungeni. Ukipeleka barua Machi umeandikia mwaka mwingine.

Kwa nyanda za juu kusini kalenda hiyo ina ugumu wake. Mvua zinaanza Novemba na watu wanahamia mashambani, kwenye mahindi, maharage na viazi. Mkutano ukiitwa Desemba utajaa wazee na watoto. Uite Septemba, watu wakiwa wameshavuna na wako nyumbani.

Hatua ya 1. Chagueni mambo matatu, si kumi na matatu

Orodha ndefu inampa mchumi uhuru wa kuchagua lililo rahisi kwake, au kutochagua lolote. Kwenye mkutano mkuu orodhesheni matatizo yote ubaoni, kisha wekeni kopo moja kwa kila tatizo. Kila mhudhuriaji apewe punje tatu za mahindi, azitumbukize kwenye makopo anayoyataka. Wanawake wapige kura zao na wanaume zao, halafu mlinganishe. Mara nyingi kopo la maji na la zahanati hujaa upande wa akina mama huku la barabara likijaa upande wa akina baba. Tofauti hiyo iandikwe kwenye muhtasari, msiifiche.

Muhtasari uwe na tarehe, mahali, idadi ya wanaume na wanawake waliohudhuria, agenda, maamuzi kwa maneno kamili, sahihi ya mwenyekiti na ya mtendaji, na muhuri. Ambatisha karatasi za mahudhurio zenye sahihi. Muhtasari usio na mahudhurio ni barua ya mwenyekiti tu, na hivyo ndivyo utakavyosomwa.

Hatua ya 2. Tafuteni eneo na mlifunge kwa karatasi

Hapa ndipo miradi mingi inapofia, kwa hiyo tukae kidogo.

Halmashauri haiwezi kuweka fedha ya umma kwenye ardhi ya mtu. Eneo la zahanati, darasa au viwanja lazima lijulikane ni la nani na limepatikanaje. Njia zilizozoeleka ni tatu: eneo lililotengwa tayari kwenye mchoro wa mipangomiji, eneo lililotolewa na mwananchi kwa hiari, na eneo linalotwaliwa kwa fidia.

Anzeni na ya kwanza. Nendeni kwa afisa mipangomiji mkaombe kuona mchoro wa eneo lenu. Mitaa mingi ina kiwanja cha shule au cha soko kwenye mchoro ambacho wakazi hawakijui, na wakati mwingine tayari kuna mtu amejenga juu yake. Ni bora mlijue hilo Septemba.

Eneo la kutolewa na mwananchi ndilo lenye migogoro mingi. Mzee anasimama mkutanoni anatoa ekari mbili, watu wanapiga makofi, na miaka mitano baadaye watoto wake wanakuja na panga wakati msingi umeshachimbwa. Makofi si hati. Andikeni makubaliano yanayotaja vipimo na mipaka, yasainiwe na mtoaji, mke au wake zake, watoto wake watu wazima, majirani wa pande zote nne na viongozi wa mtaa, na yapitiwe na mwanasheria wa halmashauri. Chukueni alama za GPS za kila kona. Kisha ombeni lipimwe mapema, kabla ya tofali la kwanza.

Fidia ni ghali na ina masharti. Mthamini lazima afanye tathmini, na malipo yanatakiwa ndani ya miezi sita tangu tathmini iidhinishwe, vinginevyo riba inaanza kuhesabiwa. Msiwaambie wenye mashamba waache kulima kabla fedha haijaonekana.

Kwenye ardhi ya kijiji utaratibu ni mwingine. Msimamizi ni halmashauri ya kijiji, na maamuzi ya kutenga eneo yapite mkutano mkuu wa kijiji. Mwenyekiti wa mtaa wa mjini hana mamlaka ya kugawa ardhi kabisa, hata kama muhuri uko mezani kwake.

TAHADHARI. Kataeni maeneo haya hata yakitolewa bure: ndani ya mita 60 kutoka mto au chanzo cha maji (Sheria ya Mazingira ya 2004), ndani ya mita 30 kutoka katikati ya barabara kuu au ya mkoa, chini ya nyaya kubwa za umeme, kando ya reli ya TAZARA au juu ya bomba la mafuta la TAZAMA. Na milima. Aprili 2024 mlima Kawetere ulishusha matope hadi Itezi jijini Mbeya, yakafukia nyumba za watu. Pima mteremko kwa kamba iliyonyooshwa usawa, isiyofuata mshuko wa ardhi: kwa kila mita 5 za kamba, ardhi ikishuka mita 1 au zaidi, hapo si mahali pa viwanja vya watu wenye kipato kidogo. Gharama ya kuta za kuzuia udongo inaweza kuzidi ya nyumba.

Hatua ya 3. Kwa viwanja: fanyeni hesabu kabla ya kuomba

Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Ekari 10 ni 40,470. Toa asilimia 35 kwa ajili ya barabara, maeneo ya wazi na huduma, zinabaki takriban 26,300. Ukigawa kwa mita za mraba 400, yaani 20 kwa 20, unapata viwanja 65. Ukigawa kwa mita 800 unapata 32.

Tuseme ardhi imegharimu shilingi milioni 4 kwa ekari, jumla milioni 40. Kwa viwanja 65 kila kimoja kinabeba takriban 615,000 kabla ya upimaji. Kwa viwanja 32 kinabeba 1,250,000. Ukubwa wa kiwanja ndio unaoamua kama mama lishe au dereva wa bodaboda ataweza kununua. Mtu akikwambia viwanja vya bei nafuu huku mchoro una vya mita 1,200, mwonyeshe hesabu hii.

Mita 20 kwa 20 zinatosha nyumba ya vyumba vitatu, choo chenye shimo lake na bustani ya mboga. Muulize afisa mipangomiji kiwango cha chini kinachoruhusiwa eneo lenu, maana kinategemea matumizi na ujazo uliopangwa, yaani nyumba zitakavyosongamana.

Kama hakuna fedha ya fidia, pendekezeni mgawanyo: mwenye shamba anatoa ardhi yote ipangwe na kupimwa, halafu anarudishiwa sehemu ya viwanja, na vinavyobaki vinalipia upimaji na barabara. Asilimia za mgawanyo ziandikwe na kusainiwa kabla mpimaji hajashusha kifaa. Shamba la mahindi likishapimwa thamani yake inapanda, kwa hiyo mwenye shamba asiyefanyiwa hesabu hii mezani hukataa bure.

Ombeni pia masharti ya kuuza: fomu moja kwa kaya moja, malipo kwa awamu, na viwanja vya pembeni ya barabara kubwa viuzwe kwa biashara kwa bei ya juu ili vipunguze bei ya vile vya ndani.

Hatua ya 4. Kama watu wameshajenga: urasimishaji

Kwenye mitaa iliyojengwa bila mpango hakuna viwanja vipya vya kuomba. Hapo kazi ni kupanga na kupima kilichopo. Mkutano mkuu unachagua kamati ya urasimishaji, halmashauri au kampuni iliyosajiliwa inaandaa mchoro, mchoro unaidhinishwa, bikoni (alama za mipaka) zinawekwa, ramani ya upimaji inaidhinishwa, kisha kila mwenye kiwanja anapewa ankara ya hati.

Ugumu uko kwenye njia. Kila mtu anataka barabara ipite kwa jirani. Msianze na mchoro. Anzeni na kamba: tembeeni mtaa mzima na wakazi, mkinyoosha kamba kuonyesha upana. Lori la kunyonya majitaka lina upana wa karibu mita 2.5, kwa hiyo kwenye njia ya mita 3 litaingia kwa shida na halitageuka. Waonyesheni wenye nyumba za ndani kwamba bila njia hawatapata gari la wagonjwa wala la zimamoto. Anayekubali kutoa mita moja asaini siku hiyohiyo, mbele ya jirani wa upande wa pili naye akitoa yake.

Fedha za wakazi zisiingie mfukoni mwa mtu wala kwenye simu ya mjumbe. Fungueni akaunti ya benki yenye watia saini wa kamati, na mkataba useme malipo kwa hatua: sehemu ndogo ya kuanzia, nyingine mchoro ukiidhinishwa, nyingine ramani ya upimaji ikiidhinishwa, ya mwisho ankara zikitoka. Makampuni yaliyolipwa yote mwanzoni yameacha wakazi na bikoni zisizo kwenye ramani yoyote.

Hatua ya 5. Kwa darasa au zahanati: wekeni nguvu zenu kwenye hesabu

Utaratibu unaofahamika ni wananchi kuanzisha boma, yaani jengo la kuta lisiloezekwa, na serikali kumalizia. Takwimu zilizotumika sana ni shilingi milioni 12.5 kumalizia boma la darasa na milioni 50 kumalizia la zahanati. Darasa jipya kwenye mpango wa UVIKO-19 wa 2021 lilipewa milioni 20. Bei za saruji na bati hubadilika, kwa hiyo mhandisi awape makadirio ya sasa.

Kabla ya kuchimba, ombeni ramani inayotumiwa na TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, kwa aina hiyo ya jengo. Chumba cha mita 9 kwa 7 kina mzunguko wa mita 32. Msingi wa upana wa sentimita 60 na kina cha mita 1 ni udongo wa mita za ujazo 19 na kidogo. Mtu mmoja kwenye udongo wa kawaida huchimba karibu mita za ujazo 2 kwa siku, kwa hiyo watu 10 wanamaliza siku moja. Kazi hiyo igeuzeni kuwa fedha kwa bei ya kibarua ya mtaani kwenu, mfanye hivyohivyo kwa tripu za mchanga, mawe na kokoto. Jumla yake ndiyo mchango wenu, na iandikwe kwenye ombi. Halmashauri nyingi hutazama kwanza mitaa ambayo imeshaweka kitu.

Tofali za kuchoma zifyatuliwe Juni hadi Oktoba, mvua zikiwa mbali. Mhandisi akague msingi kabla haujafukiwa, na aandike. Boma lililonyanyuliwa bila ukaguzi linaweza kukataliwa lote. Na kama fedha haifiki kwenye lenta, simameni kwenye msingi. Kuta zilizojengwa kwa udongo na kuachwa wazi masika mawili ya Tukuyu au Njombe hazisubiri bati.

Hatua ya 6. Peleka kila ombi kwa mwenye fedha yake

Barabara ya mtaa ni ya TARURA. Uliza kwanza kama imo kwenye mtandao wao. Kama haimo, ombi lenu la mwaka huu ni kuisajili, si kuichonga. Maji mjini ni ya mamlaka ya maji, vijijini ni RUWASA. Darasa, zahanati na upimaji wa viwanja ni halmashauri, kwa mapato ya ndani au fedha za serikali kuu. Kazi ndogo za kumalizia, kama bati au milango, zinafaa Mfuko wa Jimbo, ambao kamati yake inaongozwa na mbunge.

Vikundi vya kufyatua tofali au useremala viombe mkopo usio na riba wa asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Huu ni mkopo wa vikundi, si fedha ya kujengea mtaa, ila kikundi cha vijana chenye mashine ya tofali kinashusha bei ya nyumba za mtaa mzima.

Hatua ya 7. Fuateni ombi ngazi kwa ngazi

Muhtasari na ombi viende kwa mtendaji wa kata, ambaye ni katibu wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, ile inayoitwa WDC. Diwani ndiye mwenyekiti wake. Mwenyekiti wa mtaa ni mjumbe, kwa hiyo usitume barua ukakaa nyumbani. Nenda, eleza kwa dakika tano, hesabu mkononi.

Baada ya WDC ulizeni swali moja kwa ofisi ya mipango ya halmashauri: mradi wetu umeingizwa kwenye PlanRep, mfumo wa mipango na bajeti, kwa jina gani na kiasi gani? Mradi usio kwenye mfumo huo haumo kwenye bajeti, hata kama mkuu yeyote aliutaja jukwaani.

Februari, baraza likishapitisha, ombeni nakala ya ukurasa wenye mradi wenu na mbandike kwenye ubao wa matangazo wa mtaa.

Mambo yakikwama

*Mradi umekatwa kwenye ngazi ya halmashauri.* Omba sababu kwa maandishi kupitia diwani. Kama ni ukomo wa bajeti, gawa mradi: mwaka huu upimaji tu, mwakani barabara. Kama ni eneo, rudi Hatua ya 2.

*Bajeti imepita lakini fedha haijaja.* Kupitishwa si kupokelewa. Mapato ya ndani huingia kwa msimu, na halmashauri za kilimo hukusanya zaidi baada ya mavuno. Diwani aulize kwenye kikao cha robo mwaka ni kiasi gani kimekusanywa na mradi wenu uko nafasi ya ngapi. Fanyeni hivyo robo ya pili, msingoje Mei.

*Fedha imekuja, vifaa ni pungufu.* Kwa kazi za mafundi wa kienyeji lazima kuwe na kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi zenye watu tofauti. Kamati ya mapokezi ihesabu nondo na mifuko ya saruji mbele ya dereva, kabla ya kusaini. Fundi asiwe mjumbe wa kamati yoyote.

*Mkazi mmoja amezuia njia.* Msibomoe. Mwiteni na majirani wanaopakana naye, afisa mipangomiji awepo, mpate njia mbadala ya kusogeza nusu mita kila upande. Ikishindikana anzeni baraza la kata la usuluhishi, na kazi iendelee kwenye sehemu nyingine za mtaa.

*Viwanja vimepimwa, wanunuzi ni watu wa mjini wenye fedha.* Hii hutokea pale tangazo linapokaa ubao wa halmashauri pekee. Mtendaji atangaze kwa kipaza sauti mtaani, fomu zipatikane ofisi ya mtaa, na muda wa kulipa awamu ya kwanza uanze baada ya mavuno.

*Mtendaji amehamishwa na faili halionekani.* Ndiyo maana nakala yenye mhuri wa "imepokelewa" inakaa kwenu. Toa kopi, mpelekee mpya wiki yake ya kwanza, naye asaini kupokea.